Mkono Nyuma ya Pazia

Isaïe alikuwa anapunguza mkanda wa saa ili uenee mkono ambao hakuruhusiwa kuugusa, wala kuutazama.

Mkono wenyewe ulikuwa nyuma ya pazia, nao ulikuwa wa Mama Léonie, mama-mkwe wake. Waluba wanajua: buko si mchezo. Mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, na mwanamume akikosea, analipa faini. Siku Mama Léonie alipoingia Kamina akikimbia vita kutoka Kabongo, waligongana mlangoni pua kwa pua, na jogoo wa Isaïe akaenda kulipa faini. Ndipo nyumba ikakatwa kwa pazia, na maneno yote yakawa yanapita kwa Éliane, mke wake, maskini, kwenda na kurudi mpaka miguu inamuuma.

Saa ilikuwa ya dhahabu, ya Uswisi. Ndicho kitu pekee ambacho Isaïe, karani wa stesheni, aliachiwa na marehemu baba yake, Mzee Élisée, dereva wa treni. Sasa askari waliokuwa wanakimbia vita walikuwa wameshafika mjini, wanapekua nyumba kwa nyumba. Godoro wanapasua, unga wanamwaga, hata kuku anayeatamia wanamwinua. Lakini ni askari gani atapandisha mkono wa blauzi ya bibi kizee? Wazo lilikuwa la Mama Léonie mwenyewe.

Tatizo moja tu. Mzee Élisée alikuwa na mkono mnene wa kuvuta breki, na wa Mama Léonie ni ufito. Akiinua mikono, saa inateleza mpaka karibu na kwapa. Akishusha, inaanguka chini, pu!

"Hii saa ikipotea, miye ninazika baba mara ya pili," Isaïe alisema, na macho yakamlowa.

Basi kazi ikaanza. Taulo mezani, dhahabu isikwaruzike. Kioo kikabandikwa plasta. Kila pingili ya mkanda ina mshale mdogo kwa ndani, na sindano sharti isukume pini kufuata mshale. Ukilazimisha kinyume, umeharibu. Nyundo nayo polepole, to, to, to. Pingili moja upande wa juu, moja upande wa chini, ili uso wa saa ubaki katikati ya mkono. Zile zilizotoka aliziweka kwenye sahani ya bati.

Éliane akapeleka. Nyuma ya pazia kikatoka kilio.

"Éliane! Umuambie bwana yako, huu mukono nilizaliwa nao, haiko bulon ya kukaza treni! Inanifinya!"

"Mama anasema inafinya," akasema Éliane.

"Nimesikia."

"Anasema tena, Gaston hangemufanyia hivi."

Ah, Gaston! Gaston alikuwa mume wa Christelle, dada yake Éliane, mwenye kazi ya serikali kule Kinshasa. Isaïe hakuwahi kumwona hata siku moja, lakini alikuwa amemchoka kabisa. Gaston ana adabu. Gaston alipokutana na Mama Léonie msibani, alitorokea dirishani, na faini ikafika kabla vumbi halijatulia. Gaston hivi, Gaston vile. Isaïe akauma midomo, akarudisha pingili moja.

Safari hii hapakuwa na kilio.

"Imeenea," Éliane akanong'ona kutoka nyuma ya pazia. Hapo hapo mlango ukapigwa teke.

Akaingia kamanda, miwani nyeusi, bunduki mbele. "Saa iko wapi? Bantu bote banasema karani wa stesheni iko na saa ya dhahabu."

"Hakuna saa, chef."

Kamanda akaitikisa sahani ya bati. Pingili zikalia. "Na hii njo nini?"

"Meno," Isaïe akajibu. "Meno ya marehemu baba."

"Baba yako alikuwa mamba?"

Pazia likatikisika. Mama Léonie, kwa bahati mbaya, alikuwa mtu wa kupenda mzaha, na kicheko kilikuwa kimemponyoka. Kamanda akageuka.

"Chef, nakuomba, usifungue!" Isaïe akalia. "Kule iko mama-mukwe yangu!"

Kamanda akacheka mpaka miwani ikamcheza puani. "Mukwe yako, haiko yangu."

Akashika pazia. Haraka Isaïe akajifunika taulo kichwa kizima, maana wizi ni wizi lakini buko ni buko, na jogoo mwingine hana. Akasikia pazia likichanika. Halafu ukelele wa mwanamume mzima, "Yoo, mama yangu!" Kiti kikaanguka, dirisha likavunjika, buti zikatimka uani.

"Éliane! Saa ya baba?"

"Iko mukononi mwa mama," Éliane akasema, kwa sauti ya mtu asiyeamini macho yake.

Kabla Isaïe hajavuta pumzi, kitu kizito kikarushwa ndani kupitia dirisha lile lile na kutua karibu na miguu yake. Akachungulia chini ya taulo. Ilikuwa kofia ya kijeshi, na ndani yake saa za watu, za dhahabu na za fedha, zimejaa mpaka ukingoni.

Mama Léonie akakohoa taratibu.

"Éliane, si nilibaambia Gaston iko na adabu? Umuambie bwana yako akamate tena sindano. Hizi saa nazo iko mukubwa."