Fukusi Aliyezaliwa Ndani ya Punje

Ghala lilikuwapo, mahindi yakawamo, na amri ya ghala ilikuwa moja: mdudu asing'ate punje. Mmoja aling'ata. Watu humwita dumuzi, lakini jina lake hasa ni fukusi. Alitoboa punje, akataga yai ndani, akaziba tundu, kisha akafa.

Yai likaanguliwa. Asubuhi hiyohiyo mwanawe alimsikia Sungusungu, mlinzi wa ghala, akigonga punje moja baada ya nyingine.

"Nani humo?"

"Ni mimi, mzee. Lakini mimi sikuingia. Nimejikuta humu."

"Najua, mjukuu wangu. Leo ghala linafukizwa moshi. Ambaye hajang'ata na atoke, aende zake salama."

"Njaa inaniuma, mzee, lakini sijang'ata hata chembe."

"Basi toka."

Fukusi alipapasa kuta zote. Tundu la mama lilikuwa limezibwa, likakauka. Harufu ya moshi ilianza kupenya.

"Mzee, nitobolee wewe."

"Hata mimi nimekatazwa punje."

Fukusi akasita. Kisha akang'ata, akatema. Akang'ata tena, akatema. Mara ya tatu hakutema.

Alipochomoza kichwa, Sungusungu aliutazama mdomo wake, mweupe kwa unga.

"Nilikuwa natafuta njia ya kutoka tu, mzee."

"Ndivyo mnavyotoka wote, mjukuu wangu," alisema Sungusungu, akasogea kando kuupisha moshi.