Picha Mbili za Makame

Muuza simu alimpiga Makame picha mbili, moja kwa simu ya zamani ya mkewe Salha, nyingine kwa ile mpya iliyotoka juzi juzi, kisha akaziweka simu zote mbili juu ya kaunta.

"Haya, mke wangu," Makame alisema. "Wewe ndiye mpiga picha za harusi. Inastahili bei yake, au tunaibiwa mchana kweupe?"

Salha aliinama kutazama. Wateja wengine walisogea kuchungulia.

"Lo, hii mpya!" mmoja alisema. "Ndevu zinahesabika moja moja."

Salha hakuona ndevu. Aliona nyuso mbili zilizofunikwa na ukungu, na ukungu ulikuwa uleule. Kwa miezi kadhaa alikuwa akijidanganya kwamba simu yake ndiyo iliyochoka. Alikifuta kioo kwa ncha ya mtandio, akafuta tena. Ukungu haukutoka.

"Vipi mama, umeiona tofauti?" muuzaji aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo. Wangelipa na kuondoka, na Jumamosi bibi harusi angekaa mbele yake akitabasamu, naye asilione tabasamu lile.

Aliisukuma simu mpya kwa mumewe.

"Makame," alisema kwa sauti ndogo, "niambie unaona nini."

Makame alicheka. Halafu akamtazama usoni, na kicheko kikamkatika. Alimshika mkono, akaiinamia simu, akaanza kumweleza uso wake mwenyewe, polepole, akianzia kwenye macho.