Kipimo cha Farasi Jikoni

Siku hizi, hapa Timau, farasi jike hashiki mimba kwa siri. Kipimo cha mkononi kinasoma pumzi yake, kinatambua homoni na jeni zilizoamka tumboni, kisha kinatamka kama mimba itadumu. Isiyotarajiwa kudumu hutolewa mapema. Ndivyo sheria inavyotaka.

Kagwiria alirudi kutoka bandani alikopima farasi wake, kipimo kingali mkononi, akamkuta mkwewe Nkirote, mke wa mwanawe, akikoroga uji jikoni. Kwa muda sasa binti huyo alikuwa hataki hata kunusa chai. Kagwiria hakumwuliza. Alikinyanyua kipimo nyuma ya bega la Nkirote, akakibonyeza.

"Mimba changa," kipimo kikasema. "Homoni ziko chini. Jeni za kuishikilia hazijaamka. Haitarajiwi kudumu."

Nkirote aligeuka, mwiko ukiwa mkononi.

"Mama, umenipima?"

"Hiki ni cha farasi, mwanangu. Hakijui watu."

"Basi kwa nini umenipima nacho?"

Kagwiria alikificha kipimo mfukoni. Uso ulimwaka kwa aibu. Alitamani mkwewe amfokee, au amwite mumewe aje asikie, lakini Nkirote aliepua uji tu.

"Nilitaka kukuambia mwenyewe Jumapili," alisema. "Nilikuwa nimeshapanga hata maneno."

Tangu siku hiyo, kila Kagwiria anapoingia jikoni, Nkirote hubana pumzi mpaka atoke. Kagwiria anaona, na hathubutu kumwambia apumue.