Bi Nukta Hajui Kitu

Mzee Pantaleo aliweka kijiko chini kwa heshima zote, kama mtu anayeweka shada kaburini. Mtori ulikuwa mtamu mno. Ulikuwa na ladha ya jikoni kwa marehemu mama yake, kule Rombo, na katika miaka ishirini na sita ya ndoa, mkewe Selina hakuwahi kuupika hivyo hata siku moja.

"Nani kakufundisha?"

"Bi Nukta," Selina akajibu bila haya. "Kasema nyama itolewe kwanza, ndizi zipondwe peke yake, ndipo virudi kukutana."

Mzee akasukuma bakuli. Mwanamke huyo sasa alikuwa amemwingilia mpaka chunguni.

Hakuna aliyewahi kumwona Bi Nukta. Aliishi kwenye mtandao, katika ukurasa mmoja ambako watu wasiojuana waliulizana mambo ya maisha, naye akawajibu. Kariakoo nzima ilimsoma. Wasiojua kompyuta walinunua majibu yake yakiwa yamechapishwa kwenye karatasi, pale intaneti kafe iliyofunguliwa mwaka huo kando ya duka la mzee.

Kabla ya hapo, Mtaa wa Sikukuu ulikuwa na serikali mbili: ile ya manispaa, iliyokusanya ushuru, na benchi la Mzee Pantaleo mbele ya duka lake la masufuria, lililotoa ushauri. Mzee alishauri tangu kufungua duka mpaka kufunga. Aliwashauri wachukuzi kuhusu migongo yao, wauza mitumba kuhusu wake zao, na wateja kuhusu mambo ambayo hawakuuliza. Alisema mengi kiasi kwamba la asubuhi lilikuwa limeshamtoka kichwani kufikia adhuhuri. Zaidi ya yote, alikuwa mshenga. Alikwishapeleka posa kumi na tisa, na zote zilikubaliwa. Ya ishirini ilikuwa ya Aaron, kijana muuza simu wa ng'ambo ya barabara. Mzee alikwishanunua koti.

"Shikamoo, mzee," Aaron akapita asubuhi hiyo, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Tunaenda lini ukweni?"

"Bado kidogo, mzee. Nimemuuliza kwanza Bi Nukta mshenga mzuri anakuwaje. Akishajibu..."

Wivu ulimkwama mzee kooni kama mwiba wa samaki. Siku ile aliuza masufuria matatu yenye mifuniko isiyo yake. Kila aliyecheka barabarani alimwona anamcheka yeye. Kila mwanamke mwenye miwani alimshuku kuwa ndiye Bi Nukta.

Kesho yake akaingia intaneti kafe. Msimamizi alikuwa Vicky, binti mpole ambaye mchana alizoea kula chapati yake pale benchini, kimya, kwa adabu.

"Toa kila alichowahi kusema huyo mwanamke," mzee akaamuru. "Utasoma, mimi nitajibu, wewe utaandika. Mimi vidole vyangu ni vya kalamu."

Yalikuwa majibu arobaini na moja. Vicky akaanza.

"Anasema mwenye hasira asiende kudai haki yake kabla hajala."

"Upuuzi. Andika."

"Anasema mume na mke wasigombane kwa lugha ya nyumbani. Wagombane kwa Kiswahili, maneno yatapungua ukali."

"Upuuzi mtupu. Andika, na 'mtupu' uipigie mstari."

Wakaenda hivyo mpaka la mwisho, ambalo lilikuwa jibu la Aaron.

"Anasema mshenga mzuri ni yule asiyetaja posa ukweni mpaka aulizwe mara ya pili kilichomleta."

Jibu hilo lilikuwa na akili, na ndiyo maana lilimuuma mzee kuliko mengine yote arobaini.

Vicky akaondoa mikono kwenye kompyuta. "Mzee, hata hili?"

"Hasa hilo!"

"Una uhakika?"

"Kwani wewe ni wakili wake? Andika: huyu mtu ukimtuma kuposa, atarudi amefukuzwa na mbwa. Yote arobaini na moja ni ujinga, na anayeyafuata ni mjinga."

"Niweke jina gani?"

"Langu. Pantaleo, mwenye duka la masufuria, Mtaa wa Sikukuu. Walijue."

Wakalijua. Mshenga wa posa kumi na tisa akisema jambo, nani atabisha? Siku ya tatu, watu kutoka Mwanza hadi Uingereza walikuwa wakimshukuru kwa kuwafumbua macho. Wachukuzi walifungia karanga kwa zile karatasi za Bi Nukta. Nyumbani, Selina alirudia mtori wake wa zamani. Mzee aliumaliza wote, akatangaza kwamba ni mtamu, na akanywa maji mengi.

Jumamosi akavaa koti, akakaa benchini. Hata saa nne haijafika, Aaron akavuka barabara na karatasi mkononi, watu kama kumi nyuma yake.

"Mzee, Bi Nukta ameaga. Ameandika leo."

"Soma, mwanangu," mzee akasema, akifunga kifungo cha juu. "Soma kwa sauti, na wa ng'ambo wasikie."

Aaron akasafisha koo.

"'Ndugu zangu, Mzee Pantaleo amesema kweli, na mimi sitaandika tena. Niliowapotosha mnisamehe. Mimi ni Vicky wa intaneti kafe, sijaolewa wala sijui kupika, na katika yale arobaini na moja hakuna hata moja nililolitunga mwenyewe. Kila mchana nilikwenda kumsikiliza Mzee Pantaleo, na nikirudi niliandika alichosema.'"