Damu ya Mazoezi

Wawira alipapasa mkono wa Peninah kwa kidole kimoja, akautafuta mshipa na kuupata mara ya kwanza. Sindano iliingia bila kuuma. Hapo ndipo Peninah alipomchukia kabisa.

Ingeuma hata kidogo, angekuwa na la kusema. Miaka kumi na mmoja alikuwa msaidizi wa Daktari Mbaabu katika kliniki yake ya Githongo, na kutoa damu alijifunza kwa kutoboa watu ovyo miezi sita mizima. Huyu msichana wa Embu alikuwa na wiki tano tu tangu aletwe na chuo kujifunza kazi, na tayari wagonjwa walikuwa wakichungulia mlangoni na kuuliza, "Yule mpole yuko?"

"Imejaa, anti," Wawira alisema, akibonyeza pamba. "Asante kwa kunipa mkono."

Ilikuwa kanuni ya daktari: kila asubuhi, kabla mwanafunzi hajamgusa mgonjwa, amtoe damu mfanyakazi mwenzake kwanza. Damu hiyo ya mazoezi haikuandikwa jina. Ilikaa kwenye trei ikingoja kutupwa.

Peninah alijaza gilasi maji, akaimaliza, akaijaza tena.

"Hiyo ni ya tatu, anti, na hata saa nne haijafika."

"Sasa unanihesabia maji?"

"Hapana, anti. Nimesema tu."

"Wewe ita mgonjwa."

Wivu ulikuwa umemkalia vibaya. Sketi ya sare aliyoshonewa Desemba sasa aliifunga kwa pini isimporomoke. Usingizi nao ulikuwa umekatika vipande vipande: mara aende msalani, mara arudi kitandani amwaze yule msichana, mara aende msalani tena. Daktari alikuwa anafungua kliniki ya pili kule Nkubu, na alitaka mtu mmoja wa kumkabidhi funguo. Alisema angemtaja wiki hiyo hiyo. Peninah alikuwa amezisubiri funguo hizo tangu msingi uchimbwe, na sasa kila jioni alimsikia daktari akisifu mkono wa Wawira.

Mgonjwa aliyeingia alikuwa Mzee Riungu, mkulima wa kahawa mwenye kisukari cha miaka minane. Alikuja kupimwa wastani wa sukari ya miezi mitatu, kipimo kinachofanywa maabara ya Meru mjini. Asiye na kisukari hupata chini ya sita. Mzee Riungu mara ya mwisho alipata kumi na moja.

Wawira alimtoa damu, akaandika jina lake kwenye kijikaratasi, akatia sahihi na kukibandika kwenye chupa. Kisha akamshika mzee mkono kumsindikiza hadi getini. Wazee wote alikuwa akiwasindikiza, mradi tu apendwe, Peninah aliwaza.

Kwenye trei zilibaki chupa mbili zenye vifuniko vya zambarau. Moja ya mzee, moja ya Peninah.

Daktari Mbaabu alisamehe mambo mengi, kuchelewa na hata kuvunja vyombo, lakini kuchanganya damu za watu hakusamehe. Kijana aliyeitwa Nthiga aliwahi kuchanganya mbili tu, na kabla ya saa sita alikuwa amevua koti jeupe. Peninah alikumbuka hayo huku ukucha wake ukikwangua kijikaratasi. Kilibanduka vizuri. Akakibandika kwenye chupa ya damu yake mwenyewe, akaitumbukiza ile ya mzee kwenye ndoo ya taka. Majibu yangekuja na tano, au pungufu. Daktari angeuliza mgonjwa wa miaka minane amepona vipi, na sahihi pale ilikuwa ya Wawira.

Wawira aliporudi alimkuta Peninah akinywa maji.

Alhamisi Mzee Riungu alirudi, na daktari akawaita wote wawili chumbani kwake. Bahasha ya maabara ilikuwa mezani, haijafunguliwa. Peninah alikuja na gilasi yake na uso wa huruma alioutayarisha tangu Jumatatu.

"Kabla sijasoma hii," daktari alisema, "kuna jambo, na mzee akiwa shahidi si vibaya. Peninah, funguo za Nkubu ni zako. Zilikuwa zako tangu zamani. Nilikuwa nangojea tu nipate mtu wa kushika nafasi yako hapa, na huyu Wawira umemfundisha akaiva."

Wawira alimgeukia akitabasamu. "Ni anti, kweli. Kila asubuhi ananipa mkono wake."

Peninah aliitazama bahasha, akatamani kuinyakua aipasue, aseme maji yamemwagika juu yake, aseme lolote. Alijuta. Daktari alikuwa ameshavaa miwani.

"Wawira, huyu mzee ulimtoa damu wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, daktari."

"Na jina ukaandika wewe?"

"Ndiyo."

Daktari alisoma karatasi mara mbili. Peninah alifumba macho. Alikuwa radhi kukiri, na neno la kwanza lilikuwa limefika mdomoni.

"Kumi na tatu," daktari alisema. "Mzee, hizi dawa unameza ama unaziangalia tu?"

"Nameza zote, daktari," Mzee Riungu alijibu, akishangaa. "Hata chai nimeacha kutia sukari."

Peninah alifumbua macho. Damu ile ilikuwa yake. Gilasi mkononi mwake ilikuwa tupu, ya tano tangu asubuhi.