Wasikilizaji Wawili

Kabla mkewe hajaamka, fundi umeme mstaafu alinyata hadi stoo, akawasha kompyuta chakavu, akaandika mstari mmoja kwenye skrini nyeusi na kuzima sauti. Kompyuta ikabaki inavuma.

Kisha akaingia chumbani na chai na mkate.

"Mwanao ameamka?" mkewe aliuliza.

Akaandika mstari uleule kwenye kompyuta ya kando ya kitanda. Muziki ukaanza, wa bure, wa mtandaoni, bila picha wala matangazo. Kitindamimba wao ndiye aliyewatengenezea stesheni hiyo kabla hajasafiri. "Tunaijua sisi watatu tu," aliwaambia. "Mkiona chini pameandikwa wasikilizaji wawili, mmoja ni nyinyi na wa pili ni mimi."

"Wawili, mama," fundi alimjibu mkewe.

Mkewe alitabasamu, akala. Kuna wiki pale paliandikwa mmoja, na hakutia kitu mdomoni hadi daktari akaitwa. Sasa alimega mkate, nusu akamsukumia mumewe. "Na wewe kula. Umekonda mno."

Barua kutoka ng'ambo ilikuwa ndani ya sanduku la vifaa, chini ya koleo. Kijana alikuwa ameshazikwa hukohuko. Fundi aliisoma peke yake, akalia peke yake. Angemwambiaje mgonjwa asiyeinuka kitandani? Habari hiyo si ingemuua na mama?

"Stoo yako inavuma kila asubuhi," mkewe alisema.

"Panya hao."

"Makubwa! Panya wa kuvuma." Akageukia muziki. Miaka thelathini alikuwa mpiga chapa, na vidole vyake bado vilifuata mdundo juu ya shuka.

Jumanne moja kompyuta ya stoo ilitoa moshi, ikazima. Fundi aliifungua, akapuliza, akagusa huku na kule. Wapi! Fundi mzima, na kompyuta imemshinda. Akaichukua ile barua, akaitia mfukoni. Leo ni leo, asemaye kesho mwongo.

Chumbani muziki ulikuwa unapiga tayari. Mkewe alikuwa ameuandika ule mstari mwenyewe. Chini ya skrini paliandikwa: Wasikilizaji: 2.

Aliisogelea skrini, akaisoma tena. Kumbe barua ilikosea! Kumbe walimzika mtoto wa watu wengine!

"Mama! Yupo! Wallahi yupo, mwanangu yu hai!"

Mkewe alimtazama, machozi yakimtiririka. Akaitoa simu yake chini ya blanketi. Skrini yake ilikuwa nyeusi, na juu yake umeandikwa mstari uleule.

"Si yeye, mzee wangu. Wa pili leo ni mimi. Nimesikia panya wako wamenyamaza, nikajua leo hutakula."