Herufi za Makasha

Siku hizi kitu chochote cha nyumbani kisichopigwa jina kwa rangi, mashine ya mtaa hukihesabu taka na kukibeba. Nayo husoma herufi za aina moja tu, zile zenye mapengo, za kukatwa kwenye bati. Mwanakombo alizibuni mwenyewe kiwandani, ziandikwe kwenye makasha ya mizigo. Leo anazipuliza hadi kwenye mwiko!

"Mama, kanga yako nyingine haina jina," alimfokea mama mkwe wake, Bi Rukia. "Nimechoka kukimbizana na lile dude!"

Bi Rukia alimpa kanga, kisha akakaa, akainamisha kichwa.

"Ukimaliza hiyo, mwanangu, niandike na mimi. Jana lilinizunguka mara mbili."